Mbegu za Mama Danieli na Gesi Isiyo na Moshi

Wenzangu wa duka la Mkomaindo, hapa Masasi, mmeniganda mpaka nimekubali kuandika. Mlisema, "Mama Sauda, usiondoke na kila kitu kichwani." Haya basi. Spana nimeshakabidhi, funguo nimeshakabidhi, na juzi asubuhi niliamka kama kawaida, nikavaa viatu vya kazi, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nikavua viatu, nikatafuta daftari.

Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Hazijawahi kukaza mpira wa gesi. Nitawaambia nilivyoanza, nilivyochemka, na siku ambayo bibi mmoja wa Newala alinifundisha kazi niliyodhani nimeshaimaliza kujifunza.

Mimi sikuanza kama fundi. Nilikuwa muuza duka. Tuliuza sufuria, ndoo, na tambi za majiko ya mafuta ya taa. Siku moja bosi, Mzee Selemani, akaleta mitungi ya gesi kumi na miwili, akaipanga mbele ya duka kama askari kwenye gwaride. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Hata mama muuza maandazi aliyekuwa anakaa kibarazani kwetu akahamisha beseni lake, akaniambia, "Mimi na bomu hatukai pamoja." Alirudi baada ya wiki mbili. Mwaka uliofuata alikuwa anachoma maandazi yake kwa gesi, na alikuwa anawacheka waoga.

Fundi wa kuunga majiko alikuwa Fundi Ausi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza majokofu. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mwanamume wa Lisekese. Alinunua jiko la pleti mbili na mtungi mkubwa, akaelekeza nyumba, kisha akaenda zake shambani kupalilia. Fundi Ausi alipofika, mke wa mteja, Mama Fatuma, akamjibu akiwa nyuma ya mlango kwamba baba hayupo, na jikoni kwake haingii mwanamume. Fundi akarudi na jiko. Kesho yake akaenda tena, akarudi nalo tena. Siku ya tatu Mzee Selemani akatazama huku na huku dukani, na mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

"Wewe," akasema, "umewahi kukaza nati?"

"Ya baiskeli."

"Inatosha."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi. Msije mkadhani nilipitia chuo.

Siku hiyo Fundi Ausi alikaa juu ya jiwe nje ya ua wa makuti, mimi nikaingia jikoni na begi lake, tukafanya kazi kwa kupigiana kelele. Namuuliza, "Fundi, kuna kitu kama uyoga, naweka wapi?" Anajibu, "Hiyo ndiyo regileta, inakaa juu ya mtungi! Usiwashe chochote kwanza!" Namwambia mpira unagoma kuingia, ananiambia niuchovye kwenye maji ya moto ulainike, kisha niubane kwa klipu pande zote mbili. Nikafungua koki, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote kama alivyoniagiza.

"Povu linafanya nini?" akauliza.

"Linapumua."

"Funga koki. Kaza klipu. Paka tena."

Nikakaza mpaka mkono ukauma, nikapaka tena. "Sasa limetulia, Fundi."

"Basi washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue jiko. Kiberiti kwanza! Ukitangulia kufungua, gesi inajikusanya ikikungoja."

Moto ukawaka wa buluu, mdogo, kimya kabisa. Mama Fatuma aliusogelea, akausogezea kiganja. "Mbona huu moto kama wa uongo?" akasema. Kisha akaondoa kiganja haraka, akabandika chai. Kikombe cha Fundi kikapitishwa juu ya ua. Nilipotoka nje nikakuta majirani kama tisa wamekaa kando yake. Kwa zile kelele zetu, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba kiberiti kinatangulia. Sijawahi kutoa semina iliyofaulu kuliko ile.

Fundi Ausi, niwaambie, alikuwa fundi wa gesi asiyesikia harufu. Alivuta ugoro tangu ujana, pua ikafa. Mlikuwa mkinicheka mnaponiona nakagua kwa povu hata penye harufu inayonuka waziwazi. Basi chanzo ni huyo mzee. Alikuwa akisema gesi imetiwa ule uvundo makusudi ili watu washtuke, lakini pua ikikaa na uvundo muda mrefu huuzoea, mwisho mtu anakwambia hakuna kitu na kumbe kipo. Kwa hiyo yeye aliamini kopo lake la povu na brashi ya kunyolea ndevu. Brashi ile nilirithi. Nywele zake nimebadilisha mara sijui ngapi, mpini ni uleule.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuinama. Gesi yetu ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi, inashuka, inatambaa sakafuni, inajilaza kwenye mashimo na chini ya vitanda. Ndiyo maana ikivuja tunafunga koki, tunafungua milango, hatugusi swichi ya taa wala simu, na tunaipepea kwa chini, kwa kanga au ufagio, mpaka itoke nje. "Fundi wa gesi," alisema, "anatazama chini." Nikatii. Kwa miaka mingi nikiingia jikoni kwa mtu macho yangu yalikuwa sakafuni, na wengine walidhani nina haya sana. Wanaonijua walijua si hivyo.

Kesi zilikuja za kila aina. Kule Chiungutwa nilimkuta bwana mmoja ameufungia mtungi stoo, pamoja na magunia yake ya korosho, akatoboa ukuta na kupitisha mpira mpaka jikoni. Ufunguo anatembea nao. Mkewe akitaka kupika, shurti aombe ufunguliwe. Nikamuuliza, "Baba, siku harufu ikitoka, mama aanze kuutafuta mtungi au aanze kukutafuta wewe mnadani?" Akasema hilo hakulifikiria. Mkewe, aliyekuwa anasuka ukili pembeni, akasema bila kuinua macho, "Yapo mengi hajayafikiria." Siku hiyohiyo mtungi ulitoka stoo.

Kisha ikaja fasheni ya kumtunza bibi harusi jiko la gesi. Hapa Masasi mjini nilialikwa kuunga jiko kwenye harusi, nikafika nikakuta mashangazi wanacheza na mtungi. Ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Mmoja aliubeba kichwani, mwingine akaulaza, wakaubiringisha mbele ya bibi harusi huku wanaimba. Nilingoja mpaka wimbo ukaisha, maana mimi nami ni mtu mwenye mashangazi. Kisha nikasema mtungi huu umechoka, uachwe usimame wima, na leo hauungwi. Walinuna. Shangazi mkubwa akaniuliza kama mtungi nao una kizunguzungu. Nikamwambia ndiyo, na ukiwashwa sasa unaweza kutapika moto juu ya keki. Kwa nini? Kwa sababu gesi ndani ya mtungi ni ya maji. Ukiulaza na kuutikisa, yale maji yanakuja kwenye koki badala ya hewa yake. Kesho yake nilirudi nikaunga, na hata leo nikikutana na yule shangazi sokoni ananiuliza, "Wagonjwa wako hawajambo?"

Sasa nifike kwa Mama Danieli, maana nimezunguka vya kutosha.

Mama Danieli anakaa nje kidogo ya Newala mjini, upande wa ukingo wa uwanda wa juu, ambako ukisimama nyuma ya nyumba unaliona bonde la Ruvuma lote. Ni mjane, analima korosho na mahindi, mtu mfupi wa maneno mafupi. Mwanawe Danieli ni dereva wa lori Mtwara. Ndiye aliyekuja dukani kununua jiko, kwa sababu mama yake alikuwa anakohoa hadi anashika ukuta, na daktari alisema wazi kwamba kifua kile hakitaki tena moshi wa kuni. Akiendelea kuuvuta, hatafika mbali. Danieli alinieleza hayo akiwa anatazama pembeni, kama wanaume wanavyofanya wasipotaka uone macho yao.

Nikapanda na bodaboda hadi kwake, na baridi ile ya asubuhi ya Newala.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mbona unatetemeka?"

"Baridi yenu, Bibi."

"Nyinyi Wayao," akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu.

Alinipokea vizuri. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, mafiga matatu katikati. Nikamweleza masharti: moto wa kuni na mtungi wa gesi havikai chumba kimoja, mafiga lazima yatoke. Akayatoa mwenyewe, moja moja, akayapanga nje. Nikaunga, nikapaka povu, likatulia. Na kwa vile nilishazoea kulisifu jiko kwa wateja, nikamwambia, "Sasa umepumzika, Bibi. Gesi haina moshi."

"Haina?"

"Haina."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe."

Akayatazama mafiga yake kule nje. Mimi nikadhani amejaa furaha.

Baada ya miezi kadhaa Danieli akapiga simu dukani, mama anasema moto umedhoofu. Nikapanda. Kufungua kichwa cha jiko, nakuta vile vitundu vimejaa masizi meusi. Jiko la gesi lenye afya halitoi masizi namna ile. Nikasafisha kwa pini, moto ukarudi buluu.

"Bibi, haya masizi yametoka wapi?"

"Vumbi la Newala."

"Vumbi la Newala ni jekundu."

"Basi umelileta wewe kutoka Masasi."

Nikacheka, nikaondoka. Hapo ndipo nilipokosea, wenzangu. Fundi akiona kitu kisichoelezeka, haondoki kwa sababu mteja amemchekesha.

Mara ya tatu sikuitwa. Nilikuwa na kazi Newala mjini, nikaona nipitie kumjulia hali. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikaingia jikoni moja kwa moja kama mtu wa nyumbani. Harufu ya gesi nikaisikia, nyepesi. Nikainama kama nilivyozoea. Mpira ulikuwa umelainika upande mmoja, unang'aa kama mafuta, na nilipopaka povu likaanza kupumua polepole. Nikafunga koki. Halafu nikauona mtungi una masizi ubavuni. Nikaushika, nikaukuta wa vuguvugu. Mtungi wa gesi hautakiwi kuwa wa vuguvugu. Hatua mbili kutoka ulipo, pale pale palipokuwa na mafiga, kulikuwa na kilima cha majivu. Nikakitekenya kwa kijiti. Chini yake makaa mekundu.

Nawaambia kweli, sikungoja. Nilimshika Mama Danieli mkono nikamtoa nje, nikamweka mbali upande unakotoka upepo. Upepo wa Newala huwa naulaani kila siku, lakini mlango ulikuwa wazi, na naamini upepo ule ndio uliokuwa umetuokoa. Nikaipepea gesi kwa kanga mpaka nikajiridhisha imetoka, kisha nikachukua ndoo ya maji iliyokuwa kibarazani, nikayamwaga yote kwenye makaa.

"Ndoo nzima!" akasema Mama Danieli. Ndilo jambo la kwanza alilosema. Newala maji ni mali. "Ndoo nzima, Mama Sauda, kwa kijinga kimoja cha moto?"

Hapo nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kumwonesha mteja. Nikamwambia angekuwa ameshaungua, nyumba ingekuwa imeshaungua, na Danieli angerudi kutoka Mtwara kuzika. Nikaanza kufungua regileta. Nikasema mtungi nauchukua, jiko nalichukua, na asinilaumu.

"Chukua," akasema. Hakubisha hata kidogo. Akaingia jikoni, akasimama katikati, akaniita. "Lakini kabla hujachukua, tazama juu."

Nikatazama juu.

Juu ya pale palipokuwa na mafiga kulikuwa na uchanja wa fito, mweusi tititi kwa moshi wa miaka na miaka, na kwenye uchanja yalining'inia mahindi yamefungwa kwa maganda yake, mafungu manne. Nilikuwa nimeingia jikoni mle mara tatu. Sikuwahi kuinua shingo.

Mkiwa watoto wa mjini mtaniuliza, kwani mahindi yanafanya nini pale. Ni mbegu. Mbegu ya msimu ujao inatundikwa juu ya moto, moshi unaikausha na kuwakimbiza fukusi, na ikifika mvua inashushwa kupandwa. Hata kwa mama yangu ilikuwa hivyo. Nilikuwa najua, nikasahau.

Mama Danieli akaleta kapu. Ndani kulikuwa na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa baada ya mimi kumuungia gesi. Nilipolishika gunzi moja, punje zikanibaki mkononi unga mtupu, na fukusi wanatembea.

"Mafungu kumi na mawili nilitundika," akasema. "Yaliyobunguliwa ni manane. Haya manne ndiyo yamebaki. Mbegu hii alinipa mama, naye alipewa na mama yake. Za dukani unapanda mwaka mmoja, mwaka wa pili hazirudi vile. Hii inarudi. Nilikuuliza kama gesi yako haina moshi hata kidogo."

"Uliniuliza," nikasema.

"Ukasema hata chembe."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Lile neno nililokuwa nalisema kama sifa, kila nyumba, kila siku, kwake lilikuwa tangazo la msiba. Ndipo akawa anafukiza kimoto kidogo cha majivu, anavyoweza, ili mbegu isife, na anatoka nje ili kifua kisimzibe. Alijua ni makosa. Alikuwa anachagua kati ya kifua chake na mbegu ya mama yake, na kila siku alikuwa anapunguza kidogo huku na kidogo kule.

Nikaketi kwenye kinu kilicholazwa, nikampigia simu Fundi Ausi, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu. Nikamweleza yote. Akacheka kile kicheko chake cha ugoro.

"Miaka yote nimekufundisha kutazama chini," akasema. "Shingo yako nikaisahau. Niombee radhi kwa huyo mama."

Nikamwombea. Mama Danieli akapokea kwa kutikisa kichwa, na tukakaa tunayatazama yale mafungu manne. Nikiuchukua mtungi, anarudi kwenye kuni na kifua kinamwua. Nikiuacha bila moto wa majivu, fukusi wanamaliza. Nikiviacha vyote, jiko linalipuka. Hiyo ndiyo ilikuwa hali.

Mwishowe nikasema, zaidi kwa kujiuliza, "Bibi, mbegu zinataka moshi. Wewe hutaki moshi. Kwa nini mnalala chumba kimoja?"

Akanitazama. "Kwa sababu moto ulikuwa mmoja."

"Sasa ni miwili."

Alitabasamu kidogo sana, upande mmoja wa mdomo. Kwa Mama Danieli hicho ni kicheko.

Siku ile mtungi niliutoa nje, nikaufunga kabisa, akapika kwa jirani. Wiki iliyofuata nilirudi na mpira mpya, na yeye alikuwa ameshawaita shemeji zake na fito na udongo na bati mbili kuukuu. Tulijenga kijumba hatua thelathini kutoka jikoni, upande ambao upepo ukivuma unaupeleka moshi bondeni na si nyumbani. Kijumba kifupi, ukiingia unainama. Uchanja wa zamani tuliuhamisha kama ulivyo na weusi wake, maana Mama Danieli alisema uchanja mpya mbegu hazitauzoea. Sikubishana, ningebishana nini. Mtungi tukauweka nje ya ukuta wa jiko, kwenye kivuli, umesimama wima ndani ya kizimba cha mianzi chenye mlango unaofunguka mara moja, mpira ukapita kwenye bomba la chuma ukutani. Nikapaka povu mara tatu, safari hii mpaka Mama Danieli akasema sabuni nayo ni mali.

Utaratibu wa kijumba tukaupanga: anatia magunzi makavu na majani mabichi kidogo, anawasha, anafunga mlango, anaondoka. Hakai mle hata dakika. Majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja akasema mahindi ya Mama Danieli yamejengewa nyumba kabla ya mjukuu. Mwingine akauliza kama wageni wakija watalala huko. Mama Danieli akawajibu wote kwa pamoja: "Wenye mbegu wanacheka mwezi wa nne."

Nilipokuwa naondoka akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia kwa ile sauti yake fupi, "Mbegu hizi zimekaa na fukusi. Zisipoota, utakuja kuchukua jiko lako, na mafiga nitayarudisha mwenyewe." Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananiambia atakachofanya. Na mimi nilijua mafiga yakirudi, kifua kile kitadumu muda gani.

Mvua zikaja. Hapa Masasi nilikuwa naunga majiko ya watu huku nauliza habari za uwandani. Nikikutana na mtu wa Newala sokoni, kabla hajamaliza kunijibu salamu nimeshamuuliza, "Huko mmepanda? Yameota?" Wakanijibu yameota, lakini hao walikuwa na mbegu zao. Danieli yuko safarini, simu haipatikani. Wiki ya pili nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia bosi kuna mipira ya kukagua Newala. Bosi akasema wiki iliyopita pia nilisema hivyo, na alinizuia. Nikamwambia mipira ya Newala ina matatizo mengi, nikapanda bodaboda.

Nyumbani hayupo. Kijumba kimefungwa, mtungi umekaa mahali pake, jiko safi, masizi hakuna. Nikamkuta shambani, mteremko wa chini, na jembe begani.

"Shikamoo, Bibi. Mbegu je?"

"Marahaba. Umekula?"

"Bibi, mbegu."

Akageuka, akaanza kupanda kilima, nami nikamfuata nyuma kwenye kinjia chenye utelezi. Alitembea bila kusimama. Alipita kwenye mikorosho, akakata kushoto, akazidi kupanda, na mimi nikawa nahema kama mbuzi wa kufukuzwa, nashika magome ya miti. Katikati ya kilima nikamwomba tupumzike. Akasimama kuningoja, ameshika kiuno, midomo imefungwa, anapumua kwa pua kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Ndipo nikatambua kwamba tangu tuondoke kule chini sijamsikia akikohoa hata mara moja.

Juu kukawa na shamba. Mistari ilikuwa mirefu, udongo mwekundu umelowa, na kwenye mistari mahindi yamechomoza, majani mawili mawili. Yalikuwa na mapengo. Niliinama nikaanza kuhesabu mapengo, kwa lile zoea langu la kutafuta palipovuja. Mama Danieli alisimama nyuma yangu, naye akawa anahesabu kwa sauti, kwa Chimakonde. Alikuwa anahesabu yaliyoota. Mimi niliishia kwenye mapengo arobaini na kitu. Yeye alikuwa bado anahesabu, mstari baada ya mstari, na pumzi yake haikukatika mpaka mwisho wa shamba.

Nikalia. Mnaonijua mtashangaa, lakini nilikaa kwenye tuta nikalia, na kucheka humohumo. Mama Danieli akaniambia nisikae juu ya mahindi yake.

Tangu hapo, wenzangu, nikiingia jikoni kwa mtu nilitazama chini, kisha nikatazama juu. Nendeni mkifanya hivyo. Muulizeni mwenye nyumba moto wake wa kuni ulikuwa unamfanyia kazi gani nyingine zaidi ya kupika, kabla hamjamwambia autoe. Uwandani kote mtaviona vijumba vifupi vya bati kuukuu nyuma ya nyumba zenye gesi. Vingi nilivisimamia mimi, na kila kimoja kina hatua thelathini kutoka jikoni.

Wiki ile ya kustaafu, Danieli alisimamisha lori mbele ya duka, akanikabidhi kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani mlikuwa na mafungu manne ya mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi, na ujumbe wa mama yake: hayo si ya kuchoma. Niliyabeba hadi nyumbani, nikaingia jikoni kwangu, jiko la gesi, ukuta wa chokaa, dari nyeupe. Nikatazama juu. Hakuna mahali pa kuyatundika.

Leo asubuhi nimeanza kuchimba mashimo ya nguzo nyuma ya nyumba. Mume wangu alikuja na kikombe cha chai, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeongea na mstaafu, ninajenga kitu gani. Nikamwambia nyumba ya mahindi. Akakiweka kikombe juu ya tofali, akahesabu hatua thelathini kutoka mlango wa jiko, akanionesha kwamba nimechimba kwenye ishirini na sita.